Fahamu Sababu za Kukwama kwa Usimikaji wa Mifumo Endeshi Kupitia Mtandao wa Ofisi na Hatua za Kuzitatua

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, mfumo uliozinduliwa mwezi Julai, 2015 na ambao kwa takriban miaka kumi ulitumika katika ofisi nyingi za umma na binafsi. Taasisi ambayo bado ina kompyuta zenye mfumo huo inalazimika kuchagua moja kati ya mambo matatu: kulipia marekebisho ya ziada, ambayo yanatolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu, kuhamia kwenye mfumo mpya, au kubaki na kompyuta zisizo na kinga dhidi ya mianya ya kiusalama inayogundulika kila mwezi.

Kwa mwananchi wa kawaida, jambo hili linaweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, mwananchi anayefika katika dirisha la huduma kuomba leseni ya biashara, kupewa namba ya malipo au kufuatilia cheti cha kuzaliwa, huhudumiwa kupitia kompyuta iliyo mbele ya mtumishi. Kompyuta hiyo ikikwama katikati ya kubadilishiwa mfumo endeshi, foleni husimama, na mara nyingi jibu pekee analopewa mwananchi ni kwamba "mtandao uko chini". Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, mahali inapokwama, na hatua ambazo Maafisa TEHAMA huzichukua ili huduma irejee.

Usimikaji kupitia mtandao ni nini?

Ofisi yenye kompyuta tatu inaweza kuzisimika moja baada ya nyingine kwa kutumia flashi. Ofisi yenye kompyuta 40 au 400 haiwezi kufanya hivyo bila kupoteza wiki kadhaa na bila kuacha tofauti kati ya kompyuta moja na nyingine. Kwa sababu hiyo hutumika usimikaji kupitia mtandao, ambapo seva moja huhifadhi faili kubwa lenye nakala kamili ya mfumo endeshi, ambalo mafundi huliita imeji, na kila kompyuta hulichota faili hilo kupitia kebo ya mtandao.

Utaratibu unaotumika zaidi unajulikana kwa kifupi kama PXE. Uliasisiwa na kampuni ya Intel, na toleo lake la 2.1, ambalo bado ni msingi wa kazi hii, lilitolewa mwezi Septemba, 1999. Kazi nzima hupita katika hatua tano:

1. Kompyuta inawashwa na kutangaza ndani ya mtandao kwamba inahitaji anwani ya IP. Seva ya DHCP huijibu na kuipatia anwani.

2. Kompyuta inaelezwa ilipo seva ya usimikaji na jina la faili la kuanzia.

3. Kompyuta inachota faili hilo kwa itifaki ya TFTP, kisha mfumo mdogo wa muda uitwao Windows PE, ambao hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta bila kugusa diski.

4. Mfumo huo wa muda unaisafisha diski, unaigawa upya, na kuchota imeji yenye ukubwa wa gigabaiti kadhaa.

5. Kompyuta inajiwasha upya, inapokea viendeshi vya vifaa vyake, inaunganishwa na domeni ya ofisi na kuwekewa programu za kazi.

Kila hatua hutegemea iliyotangulia. Hivyo, swali la kwanza la fundi ni kompyuta imekwama katika hatua ya ngapi. Swali la pili ni kama imekwama kompyuta moja, chumba kimoja au jengo zima. Ikikwama moja, tatizo huwa ni la kompyuta hiyo au kebo yake. Kikikwama chumba kimoja, tatizo huwa katika swichi ya chumba hicho. Likikwama jengo zima, ni vema kuanzia kwenye seva.

Kompyuta isipopata anwani

Dalili ya kukwama katika hatua ya kwanza huonekana kwenye kioo kabla ya kitu kingine chochote. Alama PXE-E61 inamaanisha kuwa kadi ya mtandao haioni kebo: ama haijachomekwa vizuri, imekatika, au tundu la ukutani halijaunganishwa na swichi. Alama PXE-E51 inamaanisha kuwa kebo ipo lakini hakuna seva iliyojibu ombi la anwani. Katika kompyuta mpya zinazotumia UEFI, dalili inayofanana na hiyo ni PXE-E16.

Sababu inayojirudia mara nyingi ni kwamba ombi la anwani hutolewa kama tangazo kwa wote, na tangazo la namna hiyo halivuki ruta. Ofisi iliyogawa mtandao wake katika sehemu, kwa mfano sehemu ya uhasibu, ya masijala na ya mapokezi, lazima iielekeze ruta yake kupeleka matangazo hayo kwa seva ya DHCP na pia kwa seva ya usimikaji. Ofisi nyingi hukumbuka seva ya kwanza na kuisahau ya pili. Matokeo yake ni kwamba kompyuta za chumba ilipo seva husimikwa bila tatizo, ilhali za ghorofa ya juu zinapata anwani lakini hazijui pa kuelekea, na kioo huonesha alama PXE-E53.

Sababu nyingine hujificha ndani ya swichi. Swichi nyingi za ofisi zina kinga inayozuia data kuzunguka bila kikomo pale kebo mbili zinapounganishwa kimakosa. Kinga hiyo, katika mpangilio wake wa awali, husubiri takriban sekunde 30 kabla ya kuruhusu tundu kupitisha data. Baadhi ya kompyuta hukata tamaa kabla ya sekunde hizo kwisha. Ufumbuzi ni kuiagiza swichi isisubiri kwa matundu yanayounganishwa na kompyuta za watumishi, huku matundu yanayounganisha swichi na swichi yakiachwa na kinga yake.

Faili lisilofaa kwa kompyuta husika

Kompyuta za zamani huwaka kwa mpangilio wa BIOS na mpya kwa UEFI. Kila mpangilio una faili lake la kuanzia, na faili la mmoja haliwezi kutumika kwa mwingine. Ofisi iliyoandika jina la faili moja ndani ya seva ya DHCP miaka mingi iliyopita, wakati kompyuta zake zote zilikuwa za BIOS, hushangaa kuona kompyuta mpya zikilikataa faili hilo. Microsoft yenyewe inashauri majina hayo yasiandikwe katika DHCP, bali ruta ielekeze maombi kwa seva ya usimikaji ili seva hiyo itambue aina ya kompyuta na kuipatia faili linalostahili.

Aidha, Windows 11 inahitaji kompyuta yenye UEFI inayoweza kutumia kinga ya Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4 na diski isiyopungua gigabaiti 64, pamoja na kichakato kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa. Kompyuta nyingi zina chipu hiyo lakini imezimwa katika mipangilio. Nyingine zilisimikwa zamani kwa mpangilio wa BIOS ingawa zina uwezo wa UEFI. Hizi zinaweza kubadilishwa kwa zana ya mbr2gpt, ambayo hurekebisha mgawanyo wa diski bila kufuta mafaili yaliyomo. Pamoja na hayo, ni lazima nakala rudufu iwepo kabla ya kuanza.

Vipo pia vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha uhalali wa faili la kuanzia. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, vilivyowekwa ndani ya kompyuta kwa zaidi ya muongo mmoja, vimepangiwa kufikia ukomo kuanzia mwezi Juni, 2026 na nafasi yake kuchukuliwa na vya mwaka 2023. Kompyuta ambayo imekwishakataa cheti cha zamani haitaruhusu faili la kuanzia lililosainiwa kwa cheti hicho, na kompyuta ambayo haijapokea cheti kipya haitaruhusu faili lililosainiwa kwa cheti kipya pekee. Katika hali hiyo, fundi anayezima Secure Boot ili kazi iendelee huwa ameondoa kinga bila kuondoa tatizo. Njia sahihi ni kusasisha kompyuta na seva kwa pamoja.

Vilevile, ofisi zinazotumia huduma ya WDS iliyomo ndani ya Windows Server zinapaswa kufahamu kuwa faili la boot.wim lililomo katika diski ya usimikaji ya Windows 11 halikubaliwi tena katika huduma hiyo. Ni lazima itengenezwe imeji maalumu ya kuanzia, la sivyo usimikaji hukoma kwa ujumbe wa kuzuiwa hata kama mtandao ni mzima.

Uchotaji unaochukua saa badala ya dakika

Katika ofisi za mikoani, malalamiko makubwa huwa ni kwamba kazi imeanza lakini haiishi. Hesabu ifuatayo inaeleza sababu. Itifaki ya TFTP, katika mpangilio wake wa asili, hutuma vipande vya baiti 512, na kila kipande husubiri kithibitishwe ndipo kingine kitumwe. Mfumo wa muda wenye ukubwa wa megabaiti 400 una vipande 819,200. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi kati ya kompyuta na seva ni milisekunde 1, kama ilivyo ndani ya jengo moja, uchotaji huchukua chini ya dakika 14. Ikiwa seva iko makao makuu na kompyuta iko wilayani, na safari hiyo ni milisekunde 40, uchotaji uleule huchukua zaidi ya saa 9.

Kuongeza kasi ya intaneti hakuondoi tatizo hili, kwa sababu muda unapotea katika kusubiri uthibitisho na si katika wembamba wa njia. Ufumbuzi wa kwanza ni kuongeza ukubwa wa kipande hadi baiti 1,456, kiasi ambacho bado kinaenea katika pakiti ya kawaida ya mtandao. Ufumbuzi wa pili, ambao ni wa kudumu, ni kuweka seva ndogo ya usambazaji katika ofisi ya wilaya ili imeji isafiri mara moja tu kutoka makao makuu.

Wembamba wa njia hujitokeza katika hatua ya nne. Kompyuta 40 zinazochota imeji ya gigabaiti 6 kwa wakati mmoja zinahitaji jumla ya gigabaiti 240. Kwa seva iliyounganishwa kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, kazi hiyo haiwezi kuchukua chini ya dakika 32 hata katika hali bora kabisa. Kwa swichi kuukuu ya megabiti 100, haiwezi kuchukua chini ya saa 5. Ndiyo maana ofisi makini husimika kompyuta kwa makundi, nje ya saa za kuhudumia wananchi.

Mtandao na diski kupotea katikati ya kazi

Hutokea pia kompyuta ikapata anwani, ikachota mfumo wa muda, kisha mara mfumo huo unapoanza, mtandao ukapotea. Maelezo yake ni kwamba hatua za awali hutumia kiendeshi kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, ilhali mfumo wa muda unahitaji kiendeshi chake. Fundi hufungua dirisha la amri na kuandika ipconfig. Asipoona kadi yoyote ya mtandao, kiendeshi hakimo katika imeji ya kuanzia na kinapaswa kuongezwa. Akiona anwani inayoanza na 169.254, kadi imetambulika lakini seva ya DHCP haijajibu.

Kipimo kama hicho hufanywa kwa diski kupitia zana ya diskpart. Diski isipoonekana katika orodha, haimaanishi kuwa imeharibika. Kompyuta nyingi za Intel za miaka ya karibuni huifunika diski kwa teknolojia ya VMD, na mfumo wa muda hauwezi kuiona bila kiendeshi husika. Kompyuta kadhaa mpya zimekwisharudishwa kwa muuzaji zikidaiwa kuwa na diski mbovu, wakati kilichokosekana ni kiendeshi.

Jambo lingine dogo lenye madhara makubwa ni saa. Betri ndogo iliyomo kwenye ubao mama ikiisha, kompyuta hurejea katika tarehe ya miaka mingi iliyopita kila inapozimwa. Vyeti vya usalama huonekana kuwa bado havijaanza kutumika, na seva hukataa mawasiliano. Hata kuunganishwa na domeni hushindikana, kwani utaratibu wa uthibitisho unaotumika huko, katika mpangilio wake wa awali, hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Katika hali hiyo, betri ya bei ndogo huondoa tatizo lililomsumbua fundi siku nzima.

Kusoma kumbukumbu kabla ya kurudia

Kosa la kawaida ni kuizima kompyuta iliyokwama na kuanza upya bila kusoma ilichoandika. Mfumo huandika kila hatua katika mafaili ya kumbukumbu. Kwa ofisi zinazotumia Configuration Manager, faili muhimu ni smsts.log, kwa usimikaji wa kawaida wa Windows, ni setupact.log na setuperr.log yaliyomo katika folda ya Panther. Na kwa kushindwa kuingia katika domeni, ni NetSetup.log.

Namba za makosa zina maana mahususi. Namba 0x80070002 humaanisha faili lililotakiwa halikupatikana. 0x80070005 humaanisha kunyimwa ruhusa, hasa nenosiri la akaunti ya usimikaji linapobadilishwa bila seva kujulishwa. 0x80070035 humaanisha njia ya kufikia seva haikuonekana. Na 0x80070570 humaanisha faili limeharibika na halisomeki, hivyo imeji inapaswa kunakiliwa upya au RAM na diski zikaguliwe. Namba 0xaac katika NetSetup.log humaanisha jina la kompyuta lilikwishatumika katika domeni na sera ya usalama imekataa litumike tena na akaunti isiyolimiliki. Kinga hiyo iliongezwa na Microsoft mwezi Oktoba, 2022, na haipaswi kuondolewa. Kinachotakiwa ni akaunti yenye mamlaka kufuta kumbukumbu ya zamani.

Hatari kubwa kuliko kukwama

Usimikaji unaokwama huchelewesha huduma, lakini usimikaji unaofanikiwa mahali pasipostahili hufuta kazi za watu. Mwezi Mei, 2014 Chuo Kikuu cha Emory katika jimbo la Georgia, Marekani, kilituma kimakosa amri ya kusimika upya Windows 7 kwa kompyuta zake zote za Windows, zikiwemo kompyuta mpakato na seva. Mafundi walipogundua na kuizima seva ya usimikaji, seva hiyo nayo ilikuwa imekwishaanza kujifuta kwa amri yake yenyewe.

Tukio hilo linafundisha kuwa hatua ya nne, ya kusafisha diski, haina kurudi nyuma. Kwa hiyo, amri ya usimikaji haipaswi kulengwa kwa "kompyuta zote", bali kwa orodha iliyohakikiwa na mtu wa pili. Usimikaji unapaswa kuanza na kompyuta mbili au tatu za majaribio, kisha kundi dogo, ndipo ofisi nzima ifuate. Kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker inapaswa kuwa na ufunguo wake wa dharura uliohifadhiwa mahali salama, kwa kuwa kubadili mipangilio ya Secure Boot au TPM huweza kuifanya idai ufunguo huo. Kadhalika, kila kompyuta inapaswa kuwa kwenye UPS au kuwa na betri yenye chaji, kwani umeme ukikatika wakati imeji inaandikwa, kompyuta hubaki bila mfumo wa zamani na bila mfumo mpya.

Suala hili lina sura ya kisheria pia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya kupotea na kuharibiwa. Kumbukumbu za wananchi zilizohifadhiwa kwenye diski ya kompyuta ya mtumishi mmoja, bila nakala rudufu, ziko hatarini siku ya usimikaji kama zilivyo hatarini siku diski inapokufa yenyewe.

Wajibu wa watumishi na wananchi

Mtumishi anayetarajiwa kubadilishiwa mfumo endeshi anashauriwa kuhamishia mafaili yake yote ya kazi katika hifadhi rasmi ya ofisi kabla ya tarehe iliyopangwa, yakiwemo yale yaliyo kwenye uso wa kompyuta, kuacha kompyuta ikiwa imechomekwa kwa kebo na si kwa mtandao usiotumia waya, na kutoizima hata kama kioo kinaonekana kutulia. Ikikwama, apige picha ya kioo kabla ya kugusa kitufe chochote. Namba iliyo pembeni mwa kioo humwokolea fundi saa kadhaa.

Kwa upande wa wakuu wa taasisi, tangazo la kazi hiyo linapaswa kutolewa mapema, likieleza siku, madirisha yatakayoathirika na mahali mwananchi atakapohudumiwa kwa muda. Si lazima kompyuta zote za dirisha moja zisimikwe siku moja. Kubakiza mbili zinazofanya kazi hadi nyingine zithibitike ni tahadhari isiyo na gharama.

Mwananchi naye ana haki ya kuuliza na kupewa jibu linaloeleweka: huduma imesimama kwa sababu gani, itarejea lini, na je, nyaraka alizokwishawasilisha ziko salama? Ofisi iliyofuata hatua zilizoelezwa humu inaweza kuyajibu maswali yote matatu, kwa kuwa inajua kompyuta zake zimekwama katika hatua gani na nakala za kumbukumbu zake zilipo.